Agonge kwa Mkono Wake

Siku hiyo mama yangu mdogo aliamka akiwaza vitunguu tu. Wageni waliofika kambini jana yake walikuwa wawili, mume na mke, na yule mume alikuwa amekwisha kumtangazia kwamba chakula kisicho na vitunguu vingi kwake ni dawa, si chakula. Kwa hiyo asubuhi ilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, anamenya, machozi yanamtiririka.

"Mwenzangu, kuna msiba?" mumewe alimuuliza akipita na kamba za mahema begani.

"Msiba wa kuolewa na wewe."

"Pole. Marehemu alikuwa mzuri?"

Mama mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. Ndivyo walivyoishi wale wawili. Baba mdogo hakuwa mtu wa kelele, na hata angetaka asingeweza. Aliugua koo akiwa kijana, akapona, lakini sauti haikurudi yote. Iliyobaki ilikuwa ya kunong'ona, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga. Wenzake walimtania kwamba akijaribu kuuza samaki, wataozea kwenye beseni kabla mteja wa kwanza hajamsikia. Mkewe alimwita mwenzangu, naye alimwita mkewe hivyo hivyo, kwa sauti ile ndogo ambayo usipomkaribia huisikii.

Kambi ilikuwa ndani ya hifadhi, juu mlimani, kando ya ziwa dogo lililobanwa na msitu pande zote. Miti ilikuwa mirefu, imeota ndevu za kijani kwenye matawi, na maji yalikuwa meusi hata jua likiwa la utosi. Palikuwa na uwanja wa mahema, jiko la mawe lenye paa la bati, choo, na kijumba cha wafanyakazi chenye chumba kimoja. Baba mdogo alisimamisha mahema na kuokota kuni zilizoanguka zenyewe, maana kukata mti hifadhini ni kosa. Mama mdogo alipika.

Mbele ya jiko, kwenye tawi, ilining'inia sufuria kuukuu iliyotoboka, imefungwa kwa waya. Kando yake kilining'inia kigingi cha chuma cha hema. Mkwe wa mama mdogo, aliyepika pale kabla yake mpaka miguu ikakataa, ndiye aliyemkabidhi vitu hivyo viwili. Kule juu ukungu haupigi hodi. Unaweza kuwa unaiona miti ya ng'ambo, ukainama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka huoni mkono wako. Ukishuka, mpishi husimama akaigonga sufuria, taratibu, bila kupumzika, ili walioko msituni na ufukweni waifuate sauti. Kila anayefika hushika kigingi, hugonga mara moja, ndipo huketi motoni. Akishafika wa mwisho, sufuria hunyamaza.

"Kila mmoja agonge kwa mkono wake," mkwe alimwambia siku ile anamwachia jiko. "Hata mwanangu. Hata mimi. Usimwonee mtu haya. Na ukishanyamaza, usianze tena mpaka ukungu uinuke."

"Nikianza tena je, mama?"

Mkwe alikuwa anafunga mzigo wake. Hakuinua uso.

"Mara ya kwanza unaita watu. Mara ya pili sijui unaita nini, na sitaki kujua."

Basi mama mdogo alishika alivyofundishwa. Ukungu uliposhuka aligonga, watu wakarudi, wakagonga, wakaketi. Hakuwahi kuona kitu. Mtu akifuata jambo muda mrefu bila kuona kitu, huanza kulifuata kwa mazoea, na mazoea yana tabu.

Yule mgeni wa vitunguu, kabla hata ya saa za mchana, alikuwa amekwisha kupewa jina la Kipaza. Alikuwa mtu mnene, mwenye kifua cha kuongelea, na alikuwa amegundua kwamba ziwa lile linaitikia. Alisimama ufukweni akalipigia kelele kutwa.

"Mpishiii! Chai bado?"

Chai bado, chai bado, ziwa lilijibu.

Kipaza alijishika tumbo kwa kucheka. Akarudia. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na shali yake, mbali na maji.

"We mwanamke, njoo huku! Maji hayaumi!"

"Niache, nimekaa vizuri," mkewe alisema.

"Njoo huku! Maji hayaumi!" Safari hii hakumwambia mkewe. Aliliambia ziwa, ili mkewe alisikie likimwita.

Baba mdogo, aliyekuwa anakaza kamba ya hema, alimsogelea mama mdogo. "Huyu bwana ana sauti ya ziada. Angenigawia kidogo."

"Mpelekee beseni akuuzie samaki."

Alasiri Kipaza alichoka. Alikaa, akafungua chupa, akawa anakunywa maji. Msitu ulinyamaza, ndege nao wakanyamaza. Ndipo ziwa lilipoita tena. *Chai bado?* Mama mdogo aliacha kisu juu ya ubao akamtazama Kipaza. Chupa ilikuwa bado mdomoni mwake.

Akakishika kisu tena. Utamwambia nani kwamba mwangwi umechelewa?

Kuni zilikuwa zimepungua. Baba mdogo alichukua panga na kamba akaingia msituni, upande wa kushoto wa ziwa, ambako upepo wa usiku uliopita ulikuwa umeangusha matawi. Wageni nao walitoka kunyoosha miguu kwenye njia ya ufukweni. Mama mdogo alibandika supu. Alipogeuka kuchukua chumvi, akarudi, miti ya ng'ambo haikuwepo. Kisha ziwa halikuwepo. Kisha mahema.

Akashika kigingi, akaanza kugonga.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Haukupita muda sauti ya Kipaza ilitangulia mwili wake. "Tumerudi! Tumerudi wote! Acha kelele!"

Mkewe alitokea kwanza, shali imeloa ukungu. Mama mdogo alimpa kigingi, akamweleza kwa maneno mawili, naye akagonga bila swali akaketi. Kipaza alikataa.

"Mimi mgeni, si mpiga ngoma."

"Ni desturi ya hapa, baba. Mara moja tu."

"Na nisipogonga?"

"Huketi."

"Sikiliza we mpishi. Ukirudi kwenye vitunguu vyako tutaelewana. Haya mambo ya kishamba msituletee sisi."

"Gonga basi tukae," mkewe alisema kwa uchovu. "Unagombana mpaka na sufuria?"

Kipaza alimkazia macho. Kisha alikinyakua kigingi akaipiga sufuria kwa hasira, ikabonyea ubavuni. "Haya! Umeridhika? Na mumeo naye atagonga, au mnawachezesha wageni tu?"

"Atagonga."

"Tutaona."

Mama mdogo aliendelea kugonga, uso unamwaka. Nyuma yake supu ilianza kufurika na kuzima moto. Akawa anageuka huku, anageuka kule, mkono mmoja kwenye kigingi, mwingine unatafuta kitambaa. Hapo ndipo miguu ilipotokea kwenye ukungu. Viatu vya mumewe. Suruali ya mumewe, iliyoshonwa kiraka gotini, na kiraka alikishona yeye. Juu ya suruali, mzigo wa kuni uliopakatwa kwa mikono miwili, umefika usawa wa macho.

Alisimama mbele ya sufuria. Hakuutua mzigo.

"Haya, bwana mkubwa!" Kipaza alisema. "Gonga tukuone!"

Supu ilichemka ikamwagika, moto ukafanya tsss. Mama mdogo alimwona mumewe amebeba vile, amechoka, anachekwa na mtu wa kuja. Akamwonea huruma. Ilikuwa huruma tu, wala si kingine.

"Pita, mwenzangu, mikono yako imejaa. Nakugongea."

Akagonga mara moja. Akakitundika kigingi.

"Nimemgongea," akamwambia Kipaza. "Sasa umeridhika na wewe?"

Akakimbilia supu. Sufuria ikanyamaza.

Nyuma yake alisikia kuni zikitupwa chini. Kuni kavu zikianguka hulia. Hizi hazikulia. Zilianguka kama nguo zilizotoka kufuliwa.

Alipogeuka, mumewe alikuwa ameketi kwenye gogo, upande wa pili wa moto, amewapa mgongo nusu. Moshi ulikuwa unamwendea usoni moja kwa moja. Hakukunja uso wala kugeuka.

"Baba, kuni zako zimeloa," Kipaza alisema. "Umeziokotea ziwani?"

Kipaza alinyoosha shingo.

"Nasema, umeziokotea ziwani?"

"Chai bado?" yule mtu alisema.

Kipaza aliangua kicheko. "Ananiiga huyu! Mke wangu, umesikia? Kumbe bubu ana vituko!"

Mkewe hakucheka. Mama mdogo pia hakucheka. Aliuweka mwiko chini. Maneno yale hayakuwa yamenong'onwa. Yalitoka kifuani, mazito, ya kupaza. Mumewe hakuwa na sauti ile. Yeye hakuwahi kuisikia kwa mume wake tangu amjue.

"Mwenzangu?" aliita polepole.

"Mpishi," yule mtu alijibu.

Maji yalikuwa yanatoka kwenye mikono ya shati lake. Yalitiririka, hayakudondoka. Yalifika kwenye majivu, yakatambaa, na majivu hayakuyanywa.

"Njoo huku," yule mtu alisema. Sasa alikuwa amemgeukia mke wa Kipaza, ingawa hakuna aliyemwona akigeuka. "Njoo huku. Maji hayaumi."

Kicheko cha Kipaza kilikatika. Ile ilikuwa sauti yake. Si kwamba ilifanana na yake. Ilikuwa yake.

"Wewe, acha mchezo."

"Acha mchezo," yule mtu alisema. "Tumerudi. Tumerudi wote." Akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Mama, nishike mkono. Mama, sioni chini."

Mama mdogo aliwatazama wageni wake mmoja mmoja. Maneno hayo ya mwisho, siku nzima, hakuna aliyeyasema ufukweni.

Ndipo alipoisikia. Mbali, kushoto, ndani ya ukungu.

Ko. Ko.

Mgongo wa panga kwenye shina la mti.

Moyo wake ulimwambia kabla ya akili. Mtu asiyeweza kuita hugonga. Mumewe alikuwa huko nje. Alikuwa anaifuata sufuria, sufuria ikanyamaza, naye sasa alikuwa anauliza kwa njia aliyoiweza: mko wapi?

Ko. Ko.

Na haikuwa inakaribia. Ilikuwa inahama kushoto, kuelekea kwenye matete. Kule ardhi hukuonyesha majani, ukikanyaga unakuta maji, na maji ya kule hayana chini.

Mama mdogo aliitazama sufuria. Alimkumbuka mkwe wake akifunga mzigo bila kuinua uso. Usianze tena.

Akakishika kigingi.

"Acha kelele," yule mtu alisema.

Ngaa.

"Acha kelele." Alikuwa amekaa vilevile, lakini gogo aliloketi halikuwa tena ng'ambo ya moto. Lilikuwa upande huu.

Ngaa. Ngaa.

Kipaza aliingia ndani ya hema kwa magoti, akavuta zipu. Mkewe hakumfuata. Alikuja akamshika mama mdogo aproni kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, kama mtoto.

"Dada, usiache," alinong'ona. "Usiache."

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Ko, panga lilijibu. Sasa lilikuwa linakuja.

Lakini halikuwa peke yake. Kutoka upande wa ziwa zilianza kusikika nyayo. Nyayo za viatu vilivyojaa maji. Nyingi. Zilikuja taratibu, kwa mwendo ule ule wa sufuria, hatua kwa pigo. Mama mdogo alipoharakisha, ziliharakisha. Alipopunguza, zilipunguza.

Zikafika pale mwanga wa moto unapoishia. Zikasimama.

Waliona vivuli tu. Virefu, vifupi. Kimoja kilikuwa kifupi sana, kimeinua mkono mmoja juu, kama mtoto anayesubiri kushikwa.

Maji yalidondoka.

Mke wa Kipaza alifumba macho. Mama mdogo hakuweza kufumba. Aligonga mara ya mwisho, akashika ncha ya kigingi, akakinyoosha kwenye ukungu. Mkono wake uliisha kwenye kiwiko. Vidole vyake hakuviona.

"Agonge," alisema kwa mnong'ono. "Aliye mtu, agonge."

Kitu kilishika kigingi. Kilikuwa baridi. Hakikuvuta. Kilipapasa chuma, kikapapasa vidole vyake, kimoja kimoja, kikaachia.

Kingine kikashika. Kidogo. Kikaachia haraka.

Kingine.

"Mwenzangu," yule mtu wa motoni alisema nyuma ya sikio lake, kwa sauti ya Kipaza. Neno lile alikuwa amelisikia sasa. Amejifunza.

Mama mdogo hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuna kitunguu.

Mkono mwingine ukashika. Huu ulikuwa na joto. Ulikuwa na utomvu wa miti, na sugu pale anapokazia kamba. Uliuvuta mkono wake, ukamvuta na yeye, ukaisogelea sufuria, ukagonga.

Ngaa.

"Mwenzangu," mumewe alinong'ona, akihema. "Mbona ulinyamaza?"

Ukungu uliinuka kama ulivyoshuka, bila hodi. Ziwa lilikuwa pale, limetulia. Ufukwe haukuwa na nyayo hata moja. Kwenye gogo hakukuwa na mtu, ila kikombe cha mama mdogo kilikuwa juu yake, kimejaa maji meusi mpaka ukingoni, na pale alipoketi yule mtu mti ulikuwa umeloa. Jua lililotoka halikuukausha.

Mke wa Kipaza alifungua zipu ya hema. Mumewe alikuwa amekaa katikati ya blanketi, mzima, macho yamemtoka. Alifungua mdomo kusema. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imesimama. Hata mnong'ono haukutoka. Mkewe alimshika mkono akampeleka kwenye gari, akakaa mwenyewe kwenye usukani. Kabla ya kuondoka alimtazama mama mdogo muda mrefu. Hakuaga.

Mkwe alipandishwa kesho yake kwa gari la hifadhi. Alitembea kwa mkongojo mpaka kwenye lile gogo, akaligusa, akanusa vidole.

"Nani alimgongea?"

"Mimi, mama. Nilidhani ni mwanao. Mikono ilikuwa imejaa."

Kikongwe alijifuta vidole kwenye kanga. Mama mdogo alisubiri matusi. Matusi hayakuja, na akatamani yangekuja.

"Wale wengine ukungu umewarudisha," mkwe alisema mwishoni. "Hawakugonga. Huyu amegongewa na mke wa nyumba. Huyu si mgeni tena."

Walishuka mlimani wiki ile ile, wakahamia huku bondeni kwenye joto, ambako ukungu watu huusikia kwa jina tu. Mama mdogo akafungua kibanda cha chapati na chai. Baba mdogo akapata kazi ya kushona maturubai. Kuni hagusi tena. Kibandani tunapikia mkaa. Sufuria ile waliibeba, ipo nyuma ya nyumba, ukutani, imebonyea ubavuni.

Mimi nilikuja kukaa nao shule iliponishinda, nimsaidie mama mdogo kibandani. Alfajiri ya kwanza nilifungua mlango wa jikoni nikajikwaa. Palikuwa na mzigo wa kuni kizingitini, umepangwa vizuri, umefungwa kwa ukanda wa gome. Vijiti vilikuwa na ndevu za kijani. Vilikuwa vinatiririka maji, na mvua haikuwa imenyesha. Nikageuka kumwita baba mdogo, nikamwona kupitia mlango wa chumba, bado amelala, amejifunika shuka.

Mama mdogo alikuja akautazama mzigo. Hakushangaa. Alimimina chai kwenye kikombe, akatia sukari, akakiweka nje pembeni ya kizingiti, akarudisha komeo.

"Usimwambie baba yako mdogo," alininong'oneza. "Na huyo wa nje akikuita, usimwitikie. Yeye hajui jina lako bado."

Tulipofungua tena, kulipokucha vizuri, mzigo ulikuwa pale pale. Kikombe nacho kilikuwa pale pale, kimejaa mpaka ukingoni. Nikatia kidole. Maji yalikuwa meusi, na baridi iliyonipanda mpaka begani.